Pumzi Fupi, Moyo Mzito

Katika familia nyingi yumo mtu anayekohoa mwaka hadi mwaka na kuhema akitembea kidogo tu. Mapafu ya wengine yameharibiwa na sigara, ya wengine na moshi wa kuni au vumbi la migodini, na ya wengine yamebaki na makovu baada ya kupona kifua kikuu. Kikohozi tunakisikia, lakini hofu na huzuni ya mgonjwa mara nyingi hatuzioni.

Hofu hutokeaje? Anayekosa pumzi hudhani anakufa. Akiogopa, moyo humwenda mbio, naye huhema haraka haraka. Mapafu yaliyochakaa hayawahi kutoa hewa yote, hivyo nyingine hubaki ndani na nafasi ya hewa mpya hupungua. Pumzi huzidi kukatika, na hofu nayo huzidi.

Ili kuepuka hali hiyo, mgonjwa huacha kwenda shambani, sokoni, hata kanisani. Miguu hulegea kwa kukosa kazi, na safari fupi humchosha zaidi. Hatimaye hupoteza hamu ya chakula, hapati usingizi, hujiona mzigo. Huo si uvivu wala si kurogwa. Ni ugonjwa, nao unatibika.

Tumsaidieje?

1. Pumzi ikikatika, aketi na kuinama mbele kidogo, mikono juu ya magoti. Avute hewa taratibu kwa pua, kisha aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza chai ya moto. Anayemsaidia naye atulie.

2. Atembee kila siku kadiri ya nguvu zake, akipumzika njiani. Aache sigara, akae mbali na moshi.

3. Mwelezeni daktari habari za hofu na huzuni, si kikohozi peke yake. Msimpe vidonge vya usingizi bila agizo lake, kwani vingine hudhoofisha kupumua.

4. Akisema heri afe, msimkemee. Msikilizeni, msimwache peke yake, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Tena, msidhani kila kuhema ni hofu tu. Midomo ikigeuka rangi ya bluu, akishindwa kumaliza sentensi, au akichanganyikiwa, mkimbizeni hospitali mara moja.