Kaa, Chumvi na Pampu Iliyomo Mwilini

Mahali mto unapoingia baharini, maji hayana hali moja. Bahari ijaapo, chumvi huweza kukaribia gramu 35 kwa kila lita; ipwapo, au mvua kubwa inyeshapo bara, mahali palepale huwa na maji karibu matamu. Kaa aishiye hapo hukutana na mabadiliko hayo ndani ya saa chache.

Hatari imo katika damu yake. Maji yanapopungua chumvi, damu hubaki na chumvi nyingi zaidi. Kwa kanuni ya osmosisi, maji humwingia kupitia matamvua na chumvi humtoka. Asipojihami, seli zake huvimba na kuharibika. Kaa wa kijani wa pwani za Ulaya, Carcinus maenas, hujihami kwa njia mbili. Kwanza, seli zake hupunguza asidi amino zilizomo ndani, ili zisivute maji mengi. Pili, matamvua ya nyuma hufyonza sodiamu na kloridi kutoka katika maji na kuziingiza katika damu. Kamba wachanga wakuao katika mikoko ya delta ya Rufiji nao hulinda chumvi ya damu yao.

Kazi hiyo huendeshwa na protini ya utando wa seli, pampu ya sodiamu na potasiamu. Kila mzunguko, hutoa ioni 3 za sodiamu nje ya seli na kuingiza ioni 2 za potasiamu, kwa gharama ya molekuli 1 ya ATP. Kwa hiyo uhai katika maji hafifu hudai nishati.

Tiba ya binadamu ina deni kwa kaa. Mwaka 1957, Jens Christian Skou, daktari wa Denmark aliyekuwa akichunguza dawa za ganzi, alieleza kimeng'enya hicho alichokipata katika neva za miguu ya kaa. Mwaka 1997 alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Pampu hiyo imo pia katika figo, moyo na utumbo wetu. Mtoto anayeharisha anywapo ORS, glukosi na sodiamu huingia pamoja katika seli za utumbo, na maji hufuata. Pampu huitoa sodiamu hiyo kuelekea damuni, ili nyingine ipate kuingia. Ndiyo sababu maji matupu hayatoshi, na chumvi ikizidi hudhuru. Kila pakiti ya ORS ichanganywe na kiasi kilekile cha maji safi kilichoandikwa juu yake.