Je, Wajua? Koti la Waya na Chumvi

Umeme wa bwawa la Nzilo, kwenye mto Lualaba, husambaa ndani ya nyumba kwa waya wa shaba uliovishwa koti la PVC. Zaidi ya nusu ya uzito wa plastiki hii, takriban asilimia 57, ni klorini iliyotolewa kwenye chumvi; kinachobaki kwa kawaida hutokana na mafuta au gesi. PVC isiyolainishwa ni ngumu: ndiyo ya mabomba ya maji. Ili waya ukunjike, huchanganywa na vilainishi. Vikishatoka kwa jua na miaka, koti hukakamaa na kupasuka ukilipinda. Na anayechoma nyaya ili auze shaba? Moto wake ni wa kijani, mzuri kweli, lakini moshi una asidi na sumu ziitwazo dioksini. Menya kwa kisu, usichome.