Mark Twain: jina lililotoka mtoni

Ukimtaja Samuel Langhorne Clemens, wengi watakuuliza ni nani huyo. Ukisema Mark Twain, hata asiyewahi kufungua kitabu chake huenda amelisikia jina. Ni mtu mmoja.

Clemens alizaliwa mwaka 1835 katika jimbo la Missouri, Marekani, akakulia Hannibal, mji mdogo kando ya mto Mississippi. Baba yake alifariki mwaka 1847, na kijana akaingia kujifunza kazi ya uchapaji. Baadaye akawa rubani wa meli za mvuke. Usishangae, msikilizaji: kabla ndege hazijakuwepo, rubani alikuwa mtu wa kuongoza chombo majini.

Mto ule una mafungu ya mchanga yanayohamahama. Kwa hiyo baharia alishusha kamba yenye kipande cha risasi, akapima kina, kisha akapaza sauti ili rubani asikie. Ukelele wa "mark twain" ulimaanisha alama ya pili, yaani pima mbili, karibu mita 3.7. Maji hayo yalitosha meli kupita salama.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, safari za mtoni zilikatika. Clemens akaenda Nevada, akawa mwandishi wa gazeti, na Februari 1863 akaanza kutia sahihi ya Mark Twain. Kabla ya hapo alikuwa amejaribu mengine: Josh, na Thomas Jefferson Snodgrass, mshamba wa kubuni aliyeandika barua za kuchekesha. Majina ya namna hiyo yalikuwa kawaida kwa waandishi wa vichekesho wa wakati ule.

Lakini jina la mchekeshaji nalo lina gharama. Mwaka 1895, hadithi yake kuhusu Joan wa Arc ilipoanza kutoka jaridani, alilificha jina, maana alijua watu wakiliona tu wangetarajia kucheka.

Kitabu chake kinachobishaniwa zaidi ni kile cha Huckleberry Finn, kilichotoka mwaka 1884, kuhusu mvulana anayesafiri mtoni na Jim, mtumwa anayetoroka. Mwaka 1885 maktaba ya Concord, Massachusetts, ilikikataa ikidai lugha yake ni chafu. Siku hizi ubishi ni mwingine: neno la matusi kwa watu weusi linalorudiwa humo mara nyingi. Wapo walimu wanaokiacha, na wapo wanaosema huwezi kuueleza ubaya wa utumwa kwa kuficha namna watu walivyosema.

Sisi wa Afrika tuna jambo jingine la kumkumbukia. Mwaka 1905 aliandika kijitabu cha kumdhihaki Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kuhusu watu waliouawa na kukatwa mikono Congo kwa ajili ya mpira. Safari hii hakujificha: jina la Mark Twain lilichapwa waziwazi. Leopold alilazimika kuiachia Congo mwaka 1908, ikawa koloni la Ubelgiji. Twain alifariki Aprili 1910, miezi minne baada ya mfalme huyo.