Fataki Juu ya Maji: Mwongozo kwa Abiria wa Boti Usiku wa Sikukuu

Ndugu msomaji wa Magamba huenda akajiuliza kwa nini kijitabu kinachogawiwa milimani kinazungumzia boti na bahari. Magamba, juu ya mji wa Lushoto, ni mahali pa msitu, ukungu na bustani za mboga. Maji yake ni ya vijito ambavyo mtu huvivuka kwa kukanyaga mawe. Hata hivyo Lushoto ni wilaya ya Mkoa wa Tanga, na mkoa huo una bahari. Inapofika Desemba, vijana na familia nyingi huteremka kwa basi hadi Mombo, na kutoka hapo huelekea Tanga, Pangani, Dar es Salaam au Unguja kuuona mwaka mpya. Baadhi yao husubiri fataki wakiwa ufukweni. Wengine hushawishika kulipa nauli na kuzitazama wakiwa ndani ya boti.

Tunaandika kwa ajili ya hao wa mwisho. Aliyezaliwa pwani ameijua bahari tangu utotoni. Anajua bamvua na maji mafu, na hutambua kwa macho tu chombo kilichozidiwa mzigo. Mgeni kutoka milimani hana uzoefu huo, na mara nyingi hajui kuogelea. Hapaswi kuona haya kwa hilo. Anachohitaji ni kujua mambo machache kabla hajatoa fedha yake.

Kwa nini usiku wa fataki ni wa hatari zaidi

Usiku wa kawaida nahodha hutegemea macho yake na taa za vyombo vingine. Kila chombo kinachotembea usiku kwa injini kinatakiwa kuwa na taa nyekundu upande wa kushoto, taa ya kijani upande wa kulia na taa nyeupe. Kwa kuzitazama taa hizo, nahodha hujua chombo kilichoko mbele yake kinakwenda wapi.

Fataki huuharibu utaratibu huo kwa njia mbili. Kwanza, anga hujaa rangi hizo hizo, nyekundu, kijani na nyeupe, na maji huziakisi, hata taa ndogo ya boti ikapotea katikati yake. Pili, jicho la binadamu huhitaji takriban dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri, lakini mwako mmoja mkali huuondoa uzoefu huo mara moja. Fataki ya mwisho inapozimika, kila nahodha aliyekuwa akitazama juu huwa kama aliyefumbwa macho, na huo ndio wakati ambapo boti zote hugeuka pamoja kurudi bandarini.

Kwa sababu hiyo, hatari kubwa ya usiku huo mara nyingi iko katika safari zenyewe, ya kwenda na ya kurudi, kuliko katika cheche. Mfano wa kusikitisha ulitokea Hong Kong tarehe 1 Oktoba 2012. Boti ya Lamma IV, iliyokuwa na watu zaidi ya 120, ilikuwa ikiwapeleka abiria kutazama fataki za sikukuu ya taifa. Iligongana na feri karibu na kisiwa cha Lamma, na sehemu yake ya nyuma ikazama katika muda wa dakika chache. Watu 39 walifariki, wakiwamo watoto. Tume ya uchunguzi ilibaini kuwa mlango mmoja uliopaswa kuzuia maji yasipite kutoka chumba kimoja hadi kingine haukuwapo, na kwamba hapakuwa na majaketi ya kuokolea maisha ya watoto. Hakuna abiria aliyeweza kuuona mlango uliokosekana. Lakini suala la majaketi ya watoto ni jambo ambalo mzazi yeyote angeweza kuliuliza kabla ya kupanda.

Watu wote wanapokimbilia upande mmoja

Wakazi wa Lushoto wanalijua lori la kabichi linapoteremka kwenye kona za barabara ya Mombo. Shehena ikipangwa juu mno, lori huinama kwenye kona. Ikielemea upande mmoja, huinama zaidi. Boti hutii kanuni hiyo hiyo, ila yenyewe haina ardhi ngumu chini yake. Abiria aliyeketi chini ni mzigo uliotulia. Akisimama, au akipanda sitaha ya juu, huupandisha uzito. Abiria 40 wakikimbilia upande mmoja kupiga picha, chombo kilichokuwa salama dakika moja iliyopita chaweza kupinduka.

Hatuyasemi haya kwa kukisia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka katika Ziwa Victoria, karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Kilikuwa kimebeba watu zaidi ya uwezo wake, na taarifa za wakati ule zilieleza kuwa abiria walisogea upande mmoja walipojiandaa kushuka. Watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba 2018, boti ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama katika ziwa hilo hilo upande wa Uganda, katika wilaya ya Mukono, ikiwa na watu wengi kupita kiasi waliokuwa wakisherehekea kwa muziki. Zaidi ya watu 30 walifariki. Ajali zote mbili zilitokea wakati nchi kavu haikuwa mbali.

Fataki huwaita watu wote watazame upande mmoja kwa wakati mmoja. Kwa hiyo nahodha mwangalifu huigeuza boti ili omo ielekee fataki, abiria wazione wakiwa wameketi pande zote mbili bila kuhama. Ukiona boti imelala ubavu kuelekea fataki na watu wameanza kusimama, mwombe nahodha aigeuze, nawe usiinuke.

Umbali na upepo

Fataki kubwa hurushwa kutoka katika bomba, hupanda juu na kupasuka angani. Makombora mengine hayapasuki, hurudi chini yakiwa bado yanawaka. Nchini Marekani kanuni inayotumika sana hutaka watazamaji wakae mbali kwa futi 70 kwa kila inchi moja ya kipenyo cha fataki. Fataki ya inchi 6, kwa hesabu hiyo, huhitaji futi 420, yaani karibu mita 128. Hicho ni kiwango cha chini kwa mtazamaji aliye nchi kavu. Boti husukumwa na mkondo na upepo, na ndani yake mna mafuta ya injini, turubai na pengine makuti, vitu vinavyoshika moto upesi. Boti yapaswa kukaa mbali zaidi.

Abiria aweza kuupima umbali bila chombo chochote. Sisi sote tuliowahi kuona radi ikipiga juu ya msitu wa Magamba tunajua kuwa mwanga hutangulia na ngurumo hufuata. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Fataki inapopasuka, hesabu sekunde hadi usikie mlio. Sekunde moja ni kama mita 340. Sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Tunashauri mwanga na mlio viachane kwa sekunde mbili au zaidi. Mwanga na mlio vikifika pamoja, mko karibu mno, na ni haki yako kumwambia nahodha arudi nyuma.

Upepo nao uangaliwe. Mwishoni mwa Desemba na mwezi wa Januari pwani yetu huwa katika msimu wa kaskazi. Boti ikae upande ambao upepo unatoka, ili moshi, majivu na cheche vipeperushwe mbali nayo. Ukianza kunusa baruti au kuona majivu yakidondoka majini kando yako, boti iko upande usiofaa.

Kabla ya kulipa nauli

Mteja ana haki ya kuuliza na kujibiwa. Huduma za usafiri wa majini Tanzania Bara husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC. Zanzibar husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini. Chombo halali hukaguliwa na hupewa cheti. Tunakushauri uulize maswali haya ukiwa bado gatini, mchana ikiwezekana:

1. Cheti cha ukaguzi kiko wapi, na kinaruhusu abiria wangapi? Kisha hesabu watu kwa macho yako. Mtoto ni abiria naye ahesabiwe.
2. Je, kuna jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, na majaketi madogo kwa watoto? Omba ulione lako. Jaketi lililofungiwa kwenye sanduku halimfai mtu anayezama.
3. Je, majina ya abiria yanaandikwa, na nakala ya orodha inaachwa nchi kavu? Orodha hiyo ndiyo huwaeleza waokoaji wanamtafuta nani.
4. Je, boti ina taa zinazowaka, redio, kizima moto na injini ya akiba au nanga?
5. Nani anarusha fataki, na je, ana kibali cha Polisi? Nahodha anajua mpaka ambao vyombo havitakiwi kuuvuka?
6. Je, nahodha na wasaidizi wake hawatakunywa pombe usiku huo?

Dai risiti yenye jina la mtoa huduma. Ukiona idadi imezidi au majaketi hayatoshi, usipande. Nauli ya boti ya sikukuu si ndogo kwa mtu aliyeipata kwa kuuza matunda na viazi, nasi twafahamu uchungu wa kuipoteza. Dai urejeshewe, na ukinyimwa, peleka malalamiko kwa mamlaka husika pamoja na risiti yako. Fedha yaweza kufuatiliwa baadaye.

Mkiwa majini

Vaa jaketi kabla boti haijaondoka, ulifunge vizuri, na usilivue hadi utakaposhuka. Mtoto aketi katikati, mbele ya mtu mzima mmoja aliyetajwa kwa jina kuwa ndiye mwangalizi wake. Kila mtu akiwa mwangalizi, hakuna aliye mwangalizi.

Kamwe fataki isiwashwe ndani ya boti, hata ile ndogo ya mkononi. Sigara nazo zikae mbali na tangi la mafuta. Msiwashe tochi za simu kumwelekea nahodha, kwa kuwa mtampofusha.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Mwako mwekundu majini ni ishara ya kimataifa ya kuomba msaada. Usiku wa fataki ishara hiyo yaweza kudhaniwa kuwa sehemu ya sherehe. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kuutumia kwa mchezo, na boti iliyo hatarini isiutegemee peke yake. Nahodha aite kwa redio ya VHF, chaneli ya 16. Abiria apige simu 112 kwa Polisi au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Aeleze mahali walipo, idadi ya watu na tatizo lenyewe. Kuinua na kushusha mikono yote miwili polepole, iliyonyooshwa kila upande, pia ni ishara inayotambulika.

Mtu akianguka majini, piga kelele kumjulisha nahodha, na mmoja wenu aendelee kumwonyesha kwa kidole bila kuyaondoa macho. Mrushieni kitu kinachoelea. Wengine wabaki wameketi, kwa maana wakikimbilia upande ule watakuwa wengi wa kuokolewa. Injini izimwe anapokaribiwa.

Mtu akiungua, jeraha limwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Lisipakwe dawa ya meno, mafuta wala asali. Jicho likipigwa na cheche, lisisuguliwe wala kubonyezwa. Lifunikwe kwa kitu kisicholigusa, na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Kurudi

Fataki zikiisha, msiwe wa kwanza kuondoka. Kaeni pale mlipo kwa dakika 20, macho yazoee giza na boti za haraka zitangulie. Kisha mrudi polepole, mtu mmoja akiwa omo kumsaidia nahodha kutazama mbele. Mkifika gatini, subirini chombo kifungwe, mshuke mmoja mmoja. Ukara inatukumbusha kuwa mita za mwisho nazo ni safari.

Mwisho, tunamkumbusha msomaji kuwa fataki hupasuka juu angani, na aliye ufukweni huziona vyema kama aliye ndani ya boti. Anayekosa jibu zuri kwa maswali yetu sita hajakosa sherehe. Atandike khanga mchangani, aketi na wanawe, na asubuhi apande basi la kurudi Lushoto akiwa na watu wale wale alioteremka nao.