Mchi wa Chuma Juu ya Zebaki: Swichi Iliyosahauliwa Ndani ya Vifaa Vikuukuu

Mkazi wa Geita hahitaji kuelezwa zebaki ni nini. Katika mialo ya kuchenjulia dhahabu, kuanzia Rwamagasa hadi machimbo ya upande wa Shinyanga, madini hayo ya majimaji hutiwa kwenye mchanga uliosagwa na karasha, hukamata chembe za dhahabu, kisha donge linalopatikana huchomwa moto. Dhahabu hubaki, zebaki huenda hewani, na sehemu yake huingia mapafuni mwa mchomaji na mwa wote walio jirani naye. Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba zebaki hiyohiyo ilipata kuwekwa ndani ya swichi za umeme, na kwamba swichi za aina hiyo zaweza kuwamo katika vifaa vikuukuu vinavyosubiri kufutwa katika stoo za maabara na karakana.

Ili kuelewa kwa nini wahandisi waliichagua sumu hiyo, yafaa kwanza kuitazama swichi ya kawaida ya sumaku-umeme, ile ambayo mafundi huiita kontakta. Waya mwembamba wa shaba huzungushwa mara nyingi na kuwa koili. Ndani yake hukaa kipande cha chuma mfano wa mchi katika kinu, kikizuiwa na springi. Umeme mdogo ukipita katika koili, sumaku huzaliwa, mchi huvutwa, na vikanyagio vya aloi ya fedha hukutana ili kupitisha umeme mkubwa wa mota, pampu au tanuri. Umeme wa koili ukikatwa, springi huurudisha mchi mahali pake.

Ugumu wa usanifu umo katika pengo. Nguvu ya sumaku hupungua upesi sana kadiri mchi unavyokuwa mbali: pengo likiongezeka mara mbili, nguvu hushuka hadi karibu robo. Kwa hiyo sumaku huwa dhaifu hasa pale inapohitajika kuuanzisha mwendo, na huwa na nguvu ya ziada mchi ukishafika. Springi ikiwa ngumu mno, swichi haifungi. Ikilegea mno, haifunguki. Umeme wa gridi nao una kasoro yake. Katika hezi 50, nguvu ya sumaku hushuka hadi sifuri mara 100 kila sekunde, na mchi ungetetemeka bila kukoma. Dawa yake ni pete ndogo ya shaba iliyopachikwa kwenye uso wa chuma, inayochelewesha sehemu ya sumaku ili nyingine inapozimika, hiyo iwe bado inashika. Pete ikipasuka, kontakta hunguruma. Mhudumu anayesikia mngurumo huo kutoka kwenye kisanduku cha jenereta asiuzoee, amwite fundi.

Kontakta ya volti 230 hutakiwa kushika hata umeme ukishuka hadi volti 195 hivi. Chini ya hapo mchi waweza kukwama njiani. Koili hupitisha mkondo mkubwa mno wakati mchi haujafika mwisho, hupata moto na kuungua. Mbaya zaidi, vikanyagio vinavyogusana na kuachana huruka cheche, huliwa, na mara nyingine huyeyuka vikashikana. Tanuri ambalo swichi yake imeshikana halizimi.

Hapo ndipo zebaki ilipoingia. Wahandisi walisimamisha bomba la chuma lililozibwa kabisa, wakaweka zebaki chini yake, na juu ya zebaki wakaeleza mchi wa chuma. Chuma huelea juu ya zebaki kama gogo juu ya maji, kwa kuwa zebaki ni nzito zaidi. Koili huzunguka bomba kwa nje. Inapowashwa, mchi huvutwa chini na kuzama. Zebaki hupanda, hugusa ncha ya umeme iliyotengwa, na saketi hufungwa. Hakuna springi ya kuchoka wala vikanyagio vya kushikana, kwani kila kukicha kikanyagio ni kipya: ni majimaji. Swichi hizo zilidumu kwa mamilioni ya miwasho, hasa katika vyombo vya kupasha joto vinavyojiwasha na kujizima mchana kutwa. Kwa ufundi mtupu, ulikuwa usanifu wa kupendeza.

Hesabu yake ya kiafya ni nyingine. Kipimajoto cha kioo kina zebaki ya takriban gramu moja. Rilei moja ya mchi yaweza kuwa na makumi ya gramu. Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza na kuuza nje au kuingiza nchini swichi na rilei nyingi za zebaki, pamoja na vipimajoto na vipima shinikizo la damu vya aina hiyo. Mkataba ulizuia vipya. Vya zamani haukuviondoa stoo.

Katika mji mwingine, rilei iliyotupwa ingeishia jaani. Katika ukanda wa dhahabu, chuma chakavu kina mnunuzi na zebaki ina mnunuzi. Kijana anayepasua bomba kwa nyundo nyuma ya nyumba aweza kuona kipato, asione mvuke, kwa sababu mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu.

Madhara ya mvuke huo si ya kubahatisha hapa. Mwaka 2003 watafiti waliwapima watu 180 wa Rwamagasa na 31 wa Katoro kwa ulinganisho. Miongoni mwa wachomaji wa donge la dhahabu na zebaki, takriban mmoja kati ya kila wanne alibainika kuwa amedhurika kwa sumu hiyo. Zebaki ikimezwa, kiasi kidogo sana hufyonzwa. Ikivutwa kama mvuke, karibu asilimia 80 hubaki mwilini, hufika kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto. Aliyevuta kingi kwa mara moja huja na kikohozi, kifua kubana na homa, dalili ambazo ni rahisi kuzidhania malaria au nimonia. Aliyevuta kidogo kwa muda mrefu huja na mikono inayotetemeka, usingizi mbovu, hasira zisizo na sababu, ladha ya chuma mdomoni na fizi zilizovimba. Mkojo ndio kipimo kifaacho kwa mvuke. Nywele huonesha zaidi zebaki iliyotokana na ulaji wa samaki.

Kifaa chenye rilei hiyo hutambulika. Bomba ni zito kupita umbo lake, limesimamishwa wima, mara nyingi lina alama ya Hg au mshale wa upande wa juu, na likiinamishwa husikika kitu kikiteleza ndani. Lisifunguliwe. Liwekwe wima katika chombo kigumu chenye mfuniko, liandikwe, na taarifa ipelekwe kwa afisa afya wa mazingira kabla kifaa hakijapigwa mnada.

Likishapasuka, watoto na wajawazito watolewe kwanza, madirisha yafunguliwe. Ufagio husambaza matone, na mashine ya kufyonza vumbi huugeuza umwagikaji kuwa mvuke wa nyumba nzima. Vyote viwekwe kando. Aliyevaa glavu, akiwa amevua pete na bangili za dhahabu, akusanye matone kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, ayatie katika chupa yenye maji kidogo na kuifunga. Nguo zilizoguswa zisifuliwe pamoja na za familia. Na katika chumba cha daktari, mgonjwa anayetetemeka aulizwe kazi yake ni ipi, kisha aulizwe pia ni nini kinachofanyika uani kwa jirani yake.