Dubai hadi Guangzhou: Umbali Mmoja, Muda Tofauti wa Kwenda na Kurudi

Baadhi ya wafanyabiashara wa Tanzania wanaofuata bidhaa nchini China hupitia Dubai, katika Umoja wa Falme za Kiarabu, na kuunganisha safari hadi Guangzhou, mji ambao Maonesho ya Biashara ya Canton yamekuwa yakifanyika tangu mwaka 1957. Kwa msafiri wa namna hiyo, kuzisoma vibaya saa zilizoandikwa katika tiketi kunaweza kumfanya aachwe na ndege aliyokwisha kuilipia.

Umbali wa anga kati ya miji hiyo miwili ni takriban kilomita 5,830. Ndege kubwa ya abiria husafiri kwa kasi inayokaribia kilomita 900 kwa saa, hivyo hesabu ya haraka ingetoa muda wa saa sita na nusu. Hata hivyo, muda huongezeka kwa sababu ndege huhitaji nafasi ya kupaa na kushuka, na hufuata njia za anga zilizopangwa badala ya mstari ulionyooka. Kwa kawaida, safari ya kwenda Guangzhou huchukua muda wa saa saba hadi saba na nusu, ilhali ya kurudi Dubai huchukua saa nane hadi tisa.

Tofauti hiyo husababishwa na upepo. Katika kimo cha kilomita tisa hadi 12, upepo wenye nguvu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa katika miezi ya baridi ya huko. Upepo huo huisukuma ndege inayokwenda China na kuipinga inayorejea.

Jambo la pili ni majira. Saa za Guangzhou zimetangulia za Dubai kwa saa nne, na za Dar es Salaam kwa saa tano. Kwa mfano, tiketi inayoonesha kuondoka Dubai 10:45 na kufika Guangzhou 22:00 inaweza kudhaniwa kuwa ni safari ya saa 11 na robo. Zikiondolewa saa nne za tofauti ya majira, safari hubaki ya saa saba na robo. Wakati wa kurudi, saa hizo nne huongezwa: kuondoka 00:15 na kufika 05:00 ni safari ya saa nane na dakika 45.

Aidha, tiketi hutumia mfumo wa saa 24 unaoanza usiku wa manane, tofauti na saa za Kiswahili. Hivyo, 22:00 ni saa nne usiku, na 00:15 ni saa sita na robo usiku. Hapa ndipo wengi hukosea tarehe. Ndege ya 00:15 ya tarehe 12 humtaka abiria awe uwanjani usiku wa tarehe 11, yapata saa tatu. Anayefika usiku wa tarehe 12 hukuta ndege iliondoka karibu siku nzima iliyopita.

Kwa hiyo, msafiri anashauriwa kukumbuka kuwa saa za tiketi ni za mji husika, kuhakiki tarehe ya kila ndege inayoondoka baada ya usiku wa manane, na kuacha nafasi ya kutosha Dubai anaporejea, kwa kuwa safari ya kurudi ndiyo ndefu zaidi.