Nyama iliyopigwa mionzi nayo inataka moto



Kobalti inayochimbwa hapa Katanga ina kazi ambayo wengi hawaijui. Ikitiwa ndani ya reakta ya nyuklea hugeuka kobalti 60, yenye kutoa mionzi mikali. Katika nchi nyingine mionzi hiyo hutumiwa kuua mikrobe katika chakula. Marekani iliiruhusu kwa nyama ya kuku mwaka 1990, na kwa nyama ya ng'ombe mwaka 1997.

Je, nyama hiyo itatutia mionzi mwilini? Hapana. Unapopigwa picha ya mapafu, mionzi hupita kifuani, nawe hutoki nayo. Nyama nayo ni hivyo hivyo.

Je, mikrobe zinazosalia zinakuwa kali zaidi? Mionzi huvunja ndani ya mikrobe kile kinachoiwezesha kuzaa. Nyingi hufa, chache zinazosalia zimejeruhiwa, hazikupata nguvu mpya. Mwaka 1980 wataalamu wa mashirika ya kimataifa ya afya, chakula na nguvu za atomu walikata shauri kwamba chakula kilichopigwa mionzi hadi kilogrei 10 hakina sumu wala hakileti tatizo la pekee la mikrobe.

Basi hatari iko wapi? Iko jikoni. Mionzi haiachi ulinzi nyuma yake: nzi, kisu kichafu na mikono huleta mikrobe mpya. Mikrobe moja, ikipata joto la kuifaa, huweza kugawanyika kila dakika 20. Baada ya saa 5 zimepita 30,000! Tena sumu ambayo stafilokoko imekwisha kuacha katika nyama haiondolewi na mionzi hii, wala kwa kuchemsha.

Kwa hiyo, nyama yoyote ile, shika haya:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Mwenye kidonda kidoleni akifunge vizuri kabla ya kupika.
2. Kisu cha nyama mbichi kisikate mboga kabla ya kuoshwa.
3. Pika mpaka katikati pasiwe pekundu.
4. Chakula cha baba aliye kwenye zamu ya usiku kisikae mezani zaidi ya saa 2. Kitie ndani ya frigo, kisha ukichemshe tena mpaka kitoe mvuke.

Mtoto akihara damu, usingoje kesho. Mlete dispanseri.